Kuchoma hemanjioma ya ini kwa sindano: salama, lakini kwa nani?

Swali: "Shikamoo dokta. Nina miaka 44, nafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Karibu mwaka mzima nina maumivu chini ya chembe cha moyo, hasa usiku na nikiwa na njaa. Nilipigwa ultrasaundi wakaona uvimbe kwenye ini, nikafanya na CT, majibu yanasema ni hemanjioma ya sentimita 7 upande wa kulia, siyo kansa. Kaka yangu wa Dar amesikia kuna sindano inachoma uvimbe kwa moto bila kupasuliwa, unalazwa leo kesho umerudi nyumbani. Mimi kisu nakiogopa. Je, hiyo sindano ni salama? Ina madhara gani? Nilikulia kisiwa cha Ukara, ziwani Viktoria, nimetibiwa kichocho mara mbili. Natumia diklo (diklofenaki, dawa ya maumivu) kwa ajili ya mgongo, na sindano ya uzazi wa mpango. Na je, niache kubeba magunia?"

Marahaba, mama. Umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa zinazofika mezani kwangu: umesema panapouma, saa panapouma, na unachomeza. Nianze na sindano kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia, halafu nitarudi kwenye hiyo diklo.

Kaka yako hajadanganywa, sindano ipo. Mwaka 1990 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Italia, yalieleza kila moja kivyake jinsi ya kuua kipande cha ini kwa umeme wa mawimbi ya redio, na tangu hapo imekuwa tiba ya kawaida ya baadhi ya saratani za ini. Mgonjwa analazwa, anapewa dawa ya usingizi au nusu kaputi, kisha daktari anapitisha sindano ya unene wa kama milimita 2 katikati ya mbavu huku macho yake yakiwa kwenye ultrasaundi au CT. Ncha ya sindano inatoa umeme unaobadili mwelekeo mara 375,000 hadi 500,000 kwa sekunde. Chumvichumvi zilizomo kwenye seli zinavutwa huku na kule, zinasuguana, joto linazaliwa. Kwa hiyo watu wanaposema "sindano ya moto" wanakosea kidogo: ini ndilo linalojipasha lenyewe. Likifika nyuzi 50, seli zinakufa kwa dakika 4 hadi 6. Likifika 60, zinakufa karibu papo hapo.

Mtu angedhani basi ongeza moto umalize haraka. Wewe umechoma samaki, unajua. Sangara mnene ukimbwaga juu ya makaa makali, ngozi inageuka mkaa, ukimfungua penye mfupa bado ni mbichi. Ini nalo likipita nyuzi 100 na ushei, sehemu inayogusa sindano inakauka na kuungua, umeme unashindwa kupita, na pembezoni panabaki pazima. Ndiyo maana mashine inapandishwa taratibu. Kuna na aina ya pili inayotumia maikrowevu, za megahezi 915 au 2,450, na hizi za 2,450 ndizo zilezile za jiko la maikrowevu. Hiyo inapasha haraka zaidi na haisumbuliwi sana na huo mkaa.

Sasa usalama. Takwimu ambazo wakala yeyote wa kupeleka wagonjwa nje atakuonyesha zinafanana na zile zilizotoka Italia mwaka 2003: wagonjwa 2,320 waliochomwa kwa mawimbi ya redio, waliofariki 6, yaani asilimia 0.3, na waliopata madhara makubwa asilimia 2.2. Ni takwimu nzuri na sina ugomvi nazo. Ila wale walikuwa na saratani, tena uvimbe wao mwingi ulikuwa mdogo, karibu nusu ya huo wako. Mtu ambaye asipotibiwa saratani itamuua, hatari ya mbili katika mia anaikubali bila kufikiri mara mbili. Wewe una kitu ambacho, kikiachwa, kwa watu karibu wote hakifanyi chochote maisha yao yote. Hatari ileile ya mbili katika mia, kwako ni kubwa.

Tena kinachochomwa si kitu kile kile. Saratani ni nyama. Hemanjioma ni sifongo la mishipa midogo iliyojaa damu, na damu hiyo inapita polepole sana. Ukiipasha, chembe nyekundu za damu zilizomo zinapasuka kwa mamilioni na kumwaga himoglobini kwenye mzunguko. Himoglobini iliyo nje ya chembe inakwenda kwenye figo, inaziba vijifereji vyake na kuviunguza kwa sumu yake. Hili ndilo dhara ambalo ni la hemanjioma hasa, na ndilo ambalo kaka yako hakulisikia.

Nililiona kwa macho yangu nilipokuwa mafunzoni nje ya nchi. Mgonjwa alikuwa mama mwenye hemanjioma ya zaidi ya sentimita 12. Mimi, kama mgeni asiye na cheo, nilipewa kazi ya kuangalia mfuko wa mpira wa mkojo. Dakika kama ya 20 mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikanyamaza, nikajiambia labda ni taa za chumba. Dakika ya 35 ulikuwa juisi ya rozela kabisa. Ndipo nikasema. Mwalimu wangu hakuuliza hata swali. Alinyoosha mkono akazima mashine, uvimbe ukiwa umechomwa nusu tu. Akaagiza dripu nyingi za maji, na sodiamu bikaboneti kwenye mshipa ili kupunguza tindikali ya mkojo, kwa sababu himoglobini huganda kwa urahisi zaidi kwenye mkojo wenye tindikali. Kesho yake mchana mkojo ukawa mweupe na figo zikapona. Zile dakika 15 nilizokaa kimya sijazisahau.

Kwa kubahatisha ningesema mwalimu yule angeendelea dakika nyingine 20, mama yule angeishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Madaktari wa China, ambao ndio wenye uzoefu mkubwa wa kuchoma hemanjioma kwa njia hii, waliona jambo hilohilo: uvimbe wa chini ya sentimita 10 unachomeka kwa madhara machache na mengi madogo, lakini ukifika 10 na kuendelea, mkojo mwekundu, figo kuzembea, mwili mzima kuwaka kwa inflamesheni (mwili kujivimbisha kwa kujikinga) na hata mapafu kujaa maji vinaanza kuonekana. Chanzo ni muda. Uvimbe mkubwa unataka kuchomwa kwa muda mrefu, na muda mrefu ni damu nyingi iliyopasuliwa. Wenye busara hugawa kazi mara mbili, au hawagusi kabisa. Wako wa sentimita 7 uko upande wenye nafuu wa mstari huo, kwa hiyo kwa kipimo hicho peke yake nisingekutisha.

Na kuna jambo linalokufaa hapa. Kwenye saratani daktari analazimika kuchoma hadi nusu sentimita au sentimita nzima ya ini lisilo na ugonjwa kuzunguka uvimbe, asiache hata seli moja. Kwenye hemanjioma hakuna sababu hiyo. Lengo ni kuupunguza ili usibane. Kikibaki kipande, kibaki. Daktari anayekuambia ataimaliza yote kwa siku moja, muulize anaharakia wapi.

Madhara mengine nayapitia haraka, kwa kuwa ni ya sindano hii kwa mtu yeyote. Damu kutoka: hemanjioma haichomwi moja kwa moja kutoka ukingoni mwake. Sindano inapitishwa kwanza kwenye sehemu ya ini isiyo na uvimbe, ili nyama ya ini iwe kizibo, na wakati wa kuitoa njia yake inachomwa ili izibe. Majirani wa ini nao huungua: mfuko wa nyongo, utumbo mpana, tumbo, kiwambo cha pumzi. Uvimbe ukigusana nao, daktari hupenyeza maji katikati ili kuwatenganisha, na kwa mawimbi ya redio maji hayo ni dripu ya sukari, siyo ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme na yangeupeleka kulekule tunakokwepa. (Hili hupenda kuwauliza vijana wanaokuja mafunzoni, na wengi hukosa.) Njia ya nyongo ikiungua inaweza kuziba miezi kadhaa baadaye na kuleta manjano. Mapajani, mashine ya mawimbi ya redio inabandikwa vibandiko vya kutolea umeme; kibandiko kisichokaa vizuri au ngozi yenye jasho huacha kidonda cha moto. Mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo aseme mapema kabisa.

Homa inahitaji maneno zaidi, kwa sababu tunaishi huku. Siku chache baada ya kuchomwa, wagonjwa wengi hupata homa ndogo, mwili kuuma na uchovu kama wa mafua. Ni mwili unasafisha nyama iliyokufa, na huisha wenyewe ndani ya wiki moja, siku kumi zikizidi. Mwanza, mtu akipata joto, mkono wa kwanza unakwenda kwenye dawa ya malaria. Mpime, ndiyo, malaria ipo. Lakini kipimo kikisema hakuna, usimeze dozi ya malaria "kwa tahadhari" ukakaa nyumbani ukisubiri. Homa inayopanda badala ya kushuka, inayokuja na kutetemeka na maumivu mapya ubavuni, inaweza kuwa jipu ndani ya sehemu iliyochomwa. Jipu linatibika kwa dawa na kunyonywa usaha. Likicheleweshwa wiki mbili kwa dawa za malaria, linaweza kuua. Kwa hiyo ile ahadi ya "kesho umerudi nyumbani" ni kweli kwa kitanda cha hospitali tu. Ukichomwa Dar, usipande basi la Mwanza kesho yake. Kaa kwa kaka yako wiki nzima, karibu na waliokuchoma.

Sasa kichocho. Nafurahi umekitaja, watu wengi wanaona ni ugonjwa wa utotoni uliokwisha. Kichocho cha tumbo tunachopata huku ziwani, mayai yake hukwama kwenye mishipa ya ini na kuacha makovu kuizunguka. Prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, inaua minyoo. Makovu ya zamani mara nyingi hubaki. Damu inayotoka utumboni ikikosa njia ya kupita kwenye ini, inarudi nyuma, bandama inavimba na kumeza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kwenye koo la chakula inaota mishipa iliyotuna. Mtu wa hivyo anaweza kuonekana mzima anapiga kazi Mwaloni, lakini kumchoma sindano kwenye ini ni jambo jingine kabisa. Wengi hatuingizi sindano kama chembe sahani ziko chini ya 50,000. Kabla ya mtu yeyote kukugusa, taka kujua tatu: chembe sahani zako ni ngapi, damu yako inaganda kwa muda gani, na bandama lako likoje kwenye ile ultrasaundi. Ongeza kipimo cha homa ya ini B. Anayebeba virusi hivyo, au mwenye ini lenye makovu, uvimbe wake hatuuiti usio wa kansa mpaka picha iwe wazi kabisa. Na kama kwenu kuna siko seli, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, sema pia, kwa sababu ya dawa ya usingizi na hayo mambo ya damu kupasuka.

Kuhusu picha: hemanjioma ina tabia yake kwenye CT. Dawa ya picha inaanza kuwaka pembezoni kama vinundu, kisha taratibu inajaza kuelekea katikati, na baada ya dakika kadhaa uvimbe bado unang'aa. Hilo linaonekana tu kama picha zilichukuliwa kwa awamu. Kama CT yako ilipigwa mara moja bila dawa, neno "hemanjioma" kwenye karatasi ni makisio. Dawa yake ni kurudia vizuri, au MRI, na siyo kutoa kinyama: tunaepuka kutoboa hemanjioma kwa ajili ya kupima tu, kwa sababu inaweza kutoka damu.

Tuje kwenye swali ambalo hukuliuliza. Je, kinachokuuma ni hiyo hemanjioma?

Mimi naona siyo. Hemanjioma inayouma huleta uzito upande wa kulia chini ya mbavu, kushiba haraka, wakati mwingine kichomi kinachofika begani. Haijui saa na haijui njaa. Maumivu yako yako chini ya chembe cha moyo, yanaamka usiku, yanazidi ukiwa na njaa, kwa mtu anayemeza diklo. Nadhani pia wakati wa giza la mwezi, dagaa wanapopatikana kwa wingi, unakesha ukisubiri mitumbwi, unakunywa chai kavu saa kumi alfajiri na chakula cha kweli unakiona mchana. Hayo ni maumivu ya tumbo lenyewe, na diklo ni rafiki mkubwa wa vidonda vya tumbo. Uvimbe wako ulionekana kwa sababu ulipigwa ultrasaundi, kama wanavyogunduliwa wengi. Hemanjioma ndiyo uvimbe wa kawaida kuliko wote usio wa kansa kwenye ini, na wanawake wanayo zaidi.

Nimeona mtu aliyechomwa hemanjioma vizuri kabisa, bila dhara hata moja, akarudi baada ya miezi miwili na maumivu yaleyale. Kidonda kilikuwa tumboni. Hilo halimo kwenye takwimu za madhara, na kwangu lingekuwa la kwanza kuandikwa.

Kwa hiyo, acha diklo leo. Inaumiza tumbo, na inaumiza figo, zile figo ambazo ukija kuchomwa tutazihitaji ziwe na nguvu zote. Kwa mgongo tumia parasetamoli kwa kipimo, na tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure ukiwa na CD ya CT, siyo karatasi ya majibu peke yake. Omba kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, na ikiwezekana kamera ya tumboni, ambayo kwako ina faida mbili: itaona vidonda, na itaona kama kichocho kiliacha mishipa iliyotuna kwenye koo la chakula. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami kabla ya hapo, usisubiri miadi.

Tibu tumbo kwanza, upe miezi mitatu. Maumivu yakiisha, hemanjioma yako haihitaji sindano wala kisu. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa ini wa Ulaya wa mwaka 2016 unasema hivyo waziwazi: ikiwa picha ni ya kawaida na haimsumbui mtu, iachwe, haihitaji hata kufuatiliwa. Mimi kwa iliyo na sentimita 7 hupenda kurudia ultrasaundi mara moja baada ya miezi sita hadi mwaka, labda ni woga wangu tu. Maumivu yakibaki, yakahamia ubavuni, au uvimbe ukikua haraka, hapo kuna mazungumzo. Mpasuaji aone, na mtaalamu wa tiba radiolojia aone, wa Muhimbili au kwingineko, wote wawili wakiangalia picha ileile. Muulize anayetaka kukuchoma: umeshachoma hemanjioma ngapi, siyo saratani ngapi? Mkojo ukibadilika rangi utafanya nini? Jibu la swali la pili likichelewa, chukua CD yako.

Sindano ya uzazi wa mpango endelea nayo, haikatazwi kwa hemanjioma. Ingekuwa adenoma ya ini, ambayo ni uvimbe mwingine usio wa kansa, ningekuambia tofauti: hiyo inahusiana na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vinaachwa, na ikizidi sentimita 5 inaweza kutoka damu au kugeuka saratani, hivyo kuiondoa kuna maana. Ndiyo maana nasisitiza picha iwe ya uhakika.

Na magunia. Hemanjioma kupasuka yenyewe ni jambo la nadra sana, na gunia la dagaa kichwani haliipasui. Pigo kali la tumboni ndilo la kuogopa, kwa hiyo ukianguka na bodaboda waambie wanaokupokea kwamba unayo. Lakini gunia mwachie kijana wa mkokoteni, kwa ajili ya huo mgongo unaokupeleka duka la dawa kununua diklo.